MTOTO NI WA NANI: WA BABA YAKE AU WA SERIKALI?

(Haya ni mazungumzo yaliyoandikwa kwa ajili ya wahitimu wa kisomo wa Genkuru na vijiji vya jirani, katika wilaya za Tarime na Serengeti. Msomaji anaweza kuyasoma peke yake nyumbani. Afadhali zaidi, mmoja awasomee wenzake katika kikundi, kisha wayajadili.)



Leo tuna jambo zito. Kuna maneno yanayosemwa sana katika vijiji vyetu. Yanasemwa mnadani, yanasemwa kisimani, na kwenye pombe ndiyo usiseme. Watu wanasema hivi: "Siku hizi mtoto si wako tena. Ukimchapa, kesi. Ukimtuma malishoni, kesi. Ukimwoza, kesi. Ukimpeleka binti kwa ngariba, jela. Kazi yako wewe ni kumlisha tu, mwenyewe ni Serikali."

Wapo pia watu wanaosema maneno mengine. Wengi wa hawa ni mabinti na mama zao, nao husema kwa sauti ya chini. Wanauliza: "Kama hakuna mtu wa kuingia ndani ya mji wa mwenzake, mtoto anayeumizwa humo ndani amlilie nani?"

Maneno haya yote mawili ni ya watu wenye akili zao. Baba anayelalamika si lazima awe mkatili. Anaogopa kunyang'anywa heshima ya mji wake. Na binti anayeuliza si lazima awe mtovu wa adabu. Anaogopa kuumizwa. Basi tusimcheke yeyote. Sisi tuliojifunza kusoma tuifungue sheria yenyewe, tuone imesema nini na imenyamazia nini. Maana neno la kusikia mnadani si sawa na neno lililoandikwa.

SHERIA INAIHESHIMU FAMILIA

Tuanzie juu kabisa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inasema kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa yeye mwenyewe, familia yake na nyumba yake. Maana yake ni kwamba ofisa wa Serikali hawezi kuingia nyumbani kwako ovyo ovyo, kama anayeingia sokoni. Ibara hiyo hiyo inasema kwamba yako mambo ambayo sheria inaweza kuweka utaratibu wa kuyaingilia. Kwa hiyo Katiba imejenga ua kuzunguka mji wako, na katika ua huo imeacha lango.

Tuje sasa kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hii inasema mtoto ni mtu yeyote ambaye hajafikisha miaka 18. Halafu inasema jambo ambalo watu wengi hawalijui: mtoto ana haki ya kuishi na wazazi wake au walezi wake. Haikusema aishi na Serikali. Mtu akitaka kumtenga mtoto na wazazi wake, hapana budi mahakama ithibitishe kwamba kukaa nao kutamdhuru.

Kisha sheria inamkabidhi mzazi kazi yake. Ampe mtoto chakula, mahali pa kulala, mavazi, matibabu, elimu, na nafasi ya kucheza. Amlinde asipuuzwe, asibaguliwe, asipigwe kikatili. Amwongoze. Ukitazama vizuri utaona kwamba hizi ndizo kazi ambazo baba na mama wema wa hapa kwetu wamekuwa wakizifanya tangu zamani, kabla ya sheria yoyote kuandikwa.

Hata mikataba ya mataifa haikuisahau familia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Mkataba huo unazitaka Serikali ziheshimu kazi ya wazazi, na pia ya ukoo, pale ambapo ukoo ndio unaolea. Waafrika nao walikaa wakaandika mkataba wao mwaka 1990, nao ni Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Huu una jambo zuri sana. Haukutaja haki za mtoto peke yake. Umetaja na wajibu wake: awaheshimu wazazi na wakubwa, awasaidie wakiwa na shida, na afanye kazi ya kuiunganisha familia. Kwa hiyo anayesema haki za mtoto zimekuja kuua adabu hajausoma mkataba huo.

Basi, ni mambo gani yaliyo mikononi mwetu sisi wazazi? Ni mengi. Kumpa mtoto jina. Kumfundisha lugha ya kwao. Kumfundisha dini. Kumweleza ukoo wake, kama ni Mnchari, au Mtimbaru, au Mwiregi, au Mnyabasi. Kumfundisha ngoma, hadithi, kulima, kukamua na kusalimu wakubwa. Katika haya yote Serikali haitii mkono. Mwenye kazi hiyo ni sisi.

KAZI NA FIMBO

Sasa tuyatazame mambo mawili yanayowatisha watu bure.

La kwanza ni kazi. Tumesikia wakisema eti ni kosa mtoto kuchunga. Hapana. Sheria ya Mtoto inasema mtoto aliyefikisha miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi, maadamu haimdhuru mwili wala akili na haimzuii kwenda shule. Na yule mdogo zaidi anayemsaidia mama yake kuchota maji kwa ndoo inayolingana na nguvu zake, au anayefukuza ndama jioni, huyo analelewa. Hakuajiriwa.

Lakini mtoto anayeacha shule Jumatatu hadi Ijumaa ili afuate ng'ombe, huyo anaibiwa. Na aliyemwibia ni baba yake, si mgeni. Mtoto anayefanya kazi ya kuajiriwa usiku, kati ya saa 2 za usiku na saa 12 za asubuhi, sheria inamkataza aliyemwajiri. Tena zipo kazi ambazo sheria imezitaja kwa jina kwamba ni za hatari kwa mtoto, na kazi ya migodini na machimboni ni mojawapo. Sisi tunaoishi karibu na dhahabu ya Nyamongo tunaelewa neno hili. Mtoto akienda kuokota mawe ya dhahabu, jioni analeta fedha kidogo, na nyumba inapata unga. Lakini kwenye mawe hayo kuna kuporomokewa, kuna vumbi, na wanaosafisha dhahabu hutumia zebaki, ambayo ni sumu. Mzazi atakayeuliza, "Nani amekukataza kumtuma mwanao?" ajiulize na yeye: siku jiwe litakapomwangukia, nitamjibu nani?

La pili ni fimbo. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sheria haikukataza mzazi kumrekebisha mtoto wake. Imeweka mpaka. Imesema adhabu isizidi kiasi, ilingane na umri wa mtoto, na hali ya mwili wake na akili yake. Mtoto mdogo asiyeelewa kwa nini anaadhibiwa, adhabu hiyo haimfundishi kitu. Kumfunga mtoto kamba, kumchoma kwa moto, kumnyima chakula, kumpiga mpaka damu imtoke, huo ni ukatili. Nani kati yetu, awe mzee au kijana, atasimama hapa aseme mambo hayo ni mila ya Wakurya? Hakuna. Hapa basi sheria na sisi tuko pamoja.

PANAPOUMA

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumezunguka tu. Yapo mambo mawili ambayo sheria na desturi yetu zinagongana uso kwa uso. Nayo ni kukeketa mabinti na kuwaoza wakiwa watoto. Tuyaseme waziwazi.

Sheria ya Mtoto, inapokataza kumtesa mtoto, imeandika kwamba desturi yoyote inayomdhalilisha mtoto au kumuumiza mwili au akili imo ndani ya katazo hilo. Kabla yake, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikwisha kusema kwamba mtu mwenye kumlea binti wa chini ya miaka 18 akimkeketa au akasababisha akeketwe, ametenda kosa la ukatili kwa mtoto. Adhabu iliyowekwa ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili, na fidia kwa aliyeumizwa. Ona vizuri, ndugu msomaji. Sheria haikumtaja ngariba peke yake. Imemfuata baba, mama, shangazi, na kila aliyekabidhiwa mtoto huyo.

Kwa nini sheria imeingia mpaka ndani kiasi hicho? Ni kwa sababu kisu kikipita hakirudishi kilichokatwa. Binti hutokwa damu nyingi, na wapo waliokufa kwa damu hiyo. Kidonda huoza. Wembe mmoja ukitumika kwa wengi huambukiza maradhi, na UKIMWI umo. Baadaye, kwenye uzazi, kovu halinyumbuki, mama huchanika, na mtoto hupata taabu kutoka. Shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, UNICEF, lilisema mwaka 2024 kwamba duniani wako wasichana na wanawake zaidi ya milioni 230 waliokeketwa. Kwa hiyo jambo hili si la Wakurya peke yao, wala hakuna anayewanyooshea kidole Wakurya peke yao.

Hapa kwetu mambo yanabadilika, ila polepole. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara, katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, waliokeketwa walikuwa 32. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 28. Kwa taifa zima walikuwa 8 katika 100. Mnaona? Tunapungua, lakini bado tuko mbele ya wengi katika jambo ambalo si la kujivunia.

Haya, na ndoa je? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliandikwa kwamba msichana anaweza kuolewa akiwa na miaka 15, wazazi wakikubali, lakini mvulana mpaka afikishe 18. Mwaka 2016 binti mmoja mwanasheria, Rebeca Gyumi, alikwenda Mahakama Kuu akauliza: kwa nini huyu 15 na yule 18? Mahakama ikasema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikaagiza virekebishwe ili umri uwe miaka 18 kwa wote. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba, 2019, Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa hiyo. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu nayo ilirekebishwa: mtu akimwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, kifungo ni miaka 30.

Katika hukumu ile kuna somo kubwa kwetu sisi wazazi. Sheria ya zamani ilimpa baba uwezo wa kusema "ndiyo" kwa niaba ya binti wa miaka 15. Mahakama imesema "ndiyo" ya baba haiwezi kumfanya mtoto awe mtu mzima. Baba ana uwezo mkubwa, lakini hana uwezo wa kumwongezea binti yake miaka.

TUSEME UKWELI KUHUSU NG'OMBE

Tusijidanganye kwamba watu wanafanya mambo haya kwa sababu ni wajinga. Wapo watu wenye busara wanaoyafanya, tena wakiwa na sababu zao. Tuchukue mfano. Kuna baba mmoja, tumwite Chacha. Ana mtoto wa kiume aliyekwisha kukua na anataka kuoa. Ng'ombe hawatoshi. Ana binti wa miaka 14, tumwite Bhoke. Binti akiozwa, ng'ombe watakaokuja kwa lango moja watatoka kwa lango jingine kumwolea kaka yake. Mwaka huo ni mwaka unaogawanyika kwa mbili, na watu wanajua kwamba huo ndio mwaka wa tohara kwa koo nyingi, Novemba na Desemba shule zikifungwa. Majirani wameanza kuuliza: "Huyo wa kwako anakwenda lini?" Mama ana hofu kwamba bintiye asipokatwa ataitwa omosagane mpaka uzeeni, hatashirikishwa na wenzake, na wachumba watampita.

Sasa jamani, Chacha huyu ni adui wa mtoto wake? Hapana. Amebanwa na ng'ombe, na majirani, na hofu. Serikali ikija na pingu tu, bila kuzungumza juu ya ng'ombe, majirani na hofu, itamfunga Chacha mmoja, na Chacha wengine kumi watajifunza kujificha.

Lakini tumgeukie na Bhoke. Yeye hakula ng'ombe hata mmoja. Mwili unaokatwa ni wake. Uchungu wa kuzaa akiwa na miaka 15 ni wake. Shule anayoiacha ni yake. Deni la kaka yake la kuoa, kwa nini lilipwe na mwili wa dada yake? Sheria haikukataza mahari. Imesema subiri mtu akue, kisha akubali mwenyewe. Na kijana wa kiume mwenye mikono yake miwili anaweza kulima na kufuga akatafuta ng'ombe wake mwenyewe.

UA WA MJI HAUJAWAHI KUFUNGWA

Wapo wanaosema: "Zamani hapakuwa na mtu wa kuingilia mambo ya mji wa mwenzake." Tuwaulize wazee wenyewe kama ni kweli. Zamani baba aliyempiga mkewe kupita kiasi, ndugu za mke walikuja. Fahali wa mtu akiharibu shamba la jirani, wazee waliketi, na mwenye fahali akatozwa. Mtu akikataa neno la wazee wa mila, wale wa inchama, alitengwa: hakuombwa moto wala hakuzikwa vizuri. Mjomba alikuwa na neno lake. Bibi alikuwa na neno lake. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

Kwa hiyo baba wa zamani hakuwa mfalme asiyeulizwa. Alikuwa na mamlaka, na mamlaka yake yalikuwa na mpaka, na mpaka huo ulilindwa na watu wa nje ya mji wake. Hivi sivyo sheria inavyotaka leo? Tofauti ni kwamba zamani waliokuja langoni walikuwa wazee na wajomba, na leo ameongezeka ofisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kijiji na polisi.

Hapo ndipo tunapowaomba wazee wetu wa mila watusaidie. Neno lao lina uzito kuliko kipaza sauti cha gari. Wazee wa inchama ndio wanaotangaza msimu wa tohara. Wakitangaza kwamba tohara mwaka huu ni ya wavulana peke yao, na iwe kwa mganga wa zahanati na vifaa safi, kisu cha mabinti kitakosa kazi bila polisi kufika. Na mila itabaki: ngoma itabaki, mafundisho ya utu uzima yatabaki, zawadi zitabaki. Katika kituo cha Masanga, wilayani Tarime, mabinti wamekuwa wakipokelewa msimu wa tohara, wakifundishwa, na mwishoni wakifanyiwa sherehe ya kuhitimu bila kukatwa. Kumbe sherehe inawezekana bila damu.

SERIKALI NAYO INAWEZA KUKOSEA

Ndugu zangu, tusiseme kwamba kila anayekuja kwa jina la kumlinda mtoto huwa na haki. Yapo mafunzo machungu duniani. Nchini Australia, kwa miaka mingi ya karne iliyopita, Serikali iliwachukua kwa nguvu watoto wa wenyeji weusi wa nchi ile, ikawapeleka kulelewa na watu wengine na katika vituo. Ilisema inawasaidia. Watoto wale walikua bila kuwajua mama zao wala lugha yao. Tarehe 13 Februari, 2008, Waziri Mkuu wa nchi hiyo, Kevin Rudd, alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya Serikali. Watoto walikwisha kuwa wazee, na wengi wa mama zao walikwisha kufa.

Kosa lilikuwa wapi? Watoto wale walichukuliwa kwa sababu ya kabila lao na umaskini wao. Hawakuchukuliwa kwa sababu wazazi waliwatesa. Hapo pana tofauti kubwa ya kukumbuka. Umaskini si ukatili. Nyumba ya nyasi si ukatili. Kulala njaa mwaka wa ukame si ukatili. Sheria yetu yenyewe imesema mzazi wa kushitakiwa ni yule anayeweza kumtunza mtoto lakini anakataa. Asiyeweza anahitaji msaada.

Nguvu peke yake nayo ina madhara. Mkaguzi akija kwa vitisho, wengine hukeketa usiku, au huwakata mabinti wakiwa wadogo zaidi wasioweza kusema. Wengine huvuka mpaka. Kenya ilitunga sheria kali ya kukataza ukeketaji mwaka 2011, na Wakurya wako pande zote mbili, kwa hiyo binti huvushwa huku au huku. Jambo moja la sheria ile ya Kenya linafaa kuigwa hata bila sheria: imekataza kumtukana au kumcheka mwanamke kwa sababu hakukeketwa. Waliotunga walijua kwamba ulimi wa jirani ndio unaonoa kisu cha ngariba.

SHERIA IMEANZA NA MAZUNGUMZO

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pa kujifunza namna ya kuyalinda yote mawili, mtoto na mji.

Sheria ya Mtoto, kifungu cha 95, inasema mtu yeyote katika jamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa Serikali ya mtaa wake au kijiji chake. Ofisa ustawi wa jamii akipata taarifa anaweza kumwita mzazi, wakae, wazungumze, na wapate uamuzi unaomfaa mtoto. Mzazi akikataa kufuata makubaliano, ndipo jambo linapokwenda mahakamani. Mmeona mpango wake? Kwanza maneno, halafu mahakama. Ni kama baraza letu.

Lakini ipo hatari isiyongoja baraza. Kama ngariba amekwisha kuitwa, kama binti anaozwa kesho, kama mtoto amebakwa au anapigwa mpaka anazimia, hapo hakuna kikao. Hapo mtoto atolewe kwanza, maneno baadaye. Jirani anayesema "tusubiri tuzungumze" wakati nyumba inaungua, naye amesaidia moto.

Tukumbuke mambo haya matano:

1. Binti akiwa hatarini, apelekwe kwa mtendaji wa kijiji, au kwa mwalimu, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ni ya simu ya msaada kwa mtoto, na hailipiwi.

2. Zipo nyumba salama zinazowapokea mabinti waliokimbia, kama ile ya Masanga, Tarime, na ile ya Mugumu, Serengeti. Nyumba hizo si za kumtenga mtoto na kwao milele. Msimu ukipita, wahusika huzungumza na wazazi, na mzazi huahidi kwa maandishi kwamba hatamkata binti wala kumwoza, kisha hurudi nyumbani. Mzazi asiione nyumba salama kama adui. Ni mahali pa kupoza hasira.

3. Kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa. Bila cheti mtu anaweza kusema wa miaka 14 ana 18, na nani atabisha?

4. Kijiji kiwe na kamati hai ya ulinzi wa mtoto, yenye wanawake na wanaume, na mzee wa mila akiwemo. Kamati ya majina kwenye karatasi haimlindi mtu.

5. Ofisa anayekuja kijijini aje na heshima: apite kwa mwenyekiti, asalimu, aketi na mzazi, aeleze sheria kwa lugha inayoeleweka. Wakati wa hatari tu ndipo aje moja kwa moja. Na akikosea, wananchi tuna haki ya kumshitaki kwa wakubwa wake. Sheria inamfunga yeye pia.

NENO LA MWISHO

Tuliuliza mtoto ni wa nani. Sheria, tulivyoisoma, haikusema ni wa Serikali. Wala haikusema ni wa baba kama vile ng'ombe alivyo wa baba. Ng'ombe tunamtia chapa, tunamwuza, tunamchinja tukitaka, na hatumwulizi. Mtoto si ng'ombe. Mtoto ni mtu, ila ni mtu ambaye nguvu zake bado ziko mikononi mwa wengine. Sisi wazazi tumekabidhiwa tumtunze mpaka aweze kujitunza. Aliyekabidhiwa kitu ana heshima kubwa, na pia ana siku ya kuulizwa.

Basi tuilinde miji yetu kwa njia iliyo ya hakika. Mzazi anayemsomesha mwanawe, anayemrekebisha kwa kiasi, asiyemkata, asiyemwoza kabla ya wakati, huyo hana haja ya kumwogopa mtu langoni. Akija ofisa, atamkaribisha, atampa kiti, watakunywa uji, na ofisa ataondoka. Mji kama huo unajitawala wenyewe.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja mambo matatu ambayo sheria imemwachia mzazi, na mambo matatu iliyomkataza.

2. Kuna tofauti gani kati ya mzazi asiyeweza na mzazi asiyetaka? Katika kijiji chenu, yupi mmewahi kumsaidia?

3. Kama ungekuwa jirani wa Chacha, ungemwambia nini kuhusu ng'ombe? Na mkewe ungemwambia nini?

4. Wazee wa mila wa ukoo wenu wanaweza kubakiza nini katika sherehe ya mabinti, na waache nini?

5. Ni wakati gani wa kuzungumza kwanza, na ni wakati gani wa kumtoa mtoto kwanza?